Shairi lile halikuwa langu

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanaume wa miaka 33, nina mke na watoto wawili, naishi Temeke na naendesha duka la vipuri vya pikipiki. Barua hii nimeianza mara tatu nikaifuta. Leo nimeapa niimalize kabla sijafunga duka.

Nilisoma shule ya bweni huko Lushoto, kidato cha kwanza hadi cha nne, tukamaliza 2009. Rafiki yangu mkubwa alilala kitanda cha chini, mimi cha juu yake. Shule nzima ilimwita Mizani. Jina hilo alilipata kidato cha pili, mwalimu wa Kiswahili alipomfumania anahesabu silabi katikati ya kipindi cha hesabu. Alikuwa akigusisha kidole gumba kwenye vidole vinne vya mkono uleule, kwenda na kurudi, nane. Halafu mkono wa pili, nane nyingine. Mshororo ukipungua silabi moja alikunja uso kama mtu aliyetafuna mchanga kwenye wali.

Mizani alikuwa na selimundu. Asubuhi tukikimbia mchakamchaka yeye alikuwa amesamehewa, na badala yake akapewa kazi ya kupiga kengele. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya gari iliyofungwa kwa mnyororo kwenye mwembe, inagongwa kwa kipande cha nondo. Wapo waliomwita mvivu. Wapo waliosema anajipendekeza kwa walimu. Lakini Shangazi, mwezi wa sita na wa saba baridi ya Lushoto ikishuka, maumivu yalimshika usiku hadi akauma shuka asituamshe. Mimi ndiye niliyekuwa nikienda jikoni alfajiri kuwabembeleza wapishi wanipe maji ya moto kwenye ndoo, maana ya bombani yalikuwa ya barafu.

Kengele ile aliitungia shairi la beti saba. Ubeti wa kwanza ni huu:

Kengele yetu ya rimu, yaning'inia mwembeni,
Yatuita kwa elimu, twatoka usingizini,
Lilikuwa gari gumu, likafia safarini,
Sauti yake hudumu, chuma hakifi jamani.

Alipanga kulisoma kwenye mahafali yetu. Wiki ile ile akazidiwa, akalazwa. Nilipokwenda kumwona akatoa karatasi chini ya mto akaniambia, "Kasome wewe, sauti unayo." Nikaenda. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa amehamishwa muhula ule, na mshereheshaji hakujua habari zetu, akanitangaza kwamba mimi ndiye mtunzi. Nilikuwa nimeshashika kipaza sauti. Nikawaona wazazi, nikamwona mgeni rasmi, nikaona shule nzima inanitazama. Sikusema neno, nikaanza kusoma.

Watu walisimama. Mgeni rasmi alinipa shilingi 50,000 na kamusi, na ukurasa wa kwanza wa kamusi hiyo mkuu wa shule aliandika kwa mkono wake: "Kwa mtunzi bora, 2009", jina langu, sahihi na muhuri. Wenzetu wachache waliojua ukweli walinyamaza. Labda walidhani tumekubaliana.

Jioni nilimpelekea Mizani shilingi 20,000 na chipsi mayai. Nikamweleza ilivyokuwa. Akacheka, akasema, "Sauti si ilikuwa yako?" Basi. Hatukulizungumza tena mpaka anaingia kaburini.

Baada ya shule alirudi kwao Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Hakuendelea na masomo, maradhi na ada vilimshinda. Alikuwa akiwaandikia watu risala za harusi, za mahafali, za kumuaga mwalimu mkuu. Malipo yake soda na ahsante. Tulipigiana simu sikukuu kwa sikukuu, basi, nami nilikuwa na duka.

Alifariki mwaka jana. Nilitoka Dar usiku lakini nilipovuka kivuko walikuwa wameshazika. Siku ya kuondoa tanga, dada yake aliniletea kaunta buku ya kwaya mbili iliyofungwa kwenye kipande cha kanga. Akaniambia, "Mama amesema likae kwako, wewe ndiye malenga mwenzake." Nikalipokea, Shangazi. Nikalipokea kwa mikono miwili.

Nililifungua ndani ya basi, tulipofika Muheza. Shairi la kengele limo, lina tarehe ya Machi 2009. Chini yake, kwa wino mwingine, ameandika: "Limesomwa mahafali. Msomaji:" halafu jina langu. Hakuna neno jingine. Ukurasa wa mwisho kuna shairi hakulimaliza. Limeishia hapa:

Kivuko kimekawia, nakaa kando ya mto,
Abiria twangojea, na mizigo na watoto,
Maji yazidi kujaa, na upepo si mzito,

Mshororo wa nne haupo.

Sasa mwaka unatimia. Kundi letu la darasa limechanga, kutakuwa na hitima nyumbani kwao, na wenzangu wanataka kuchapa kitabu kidogo cha mashairi yake. Wamenipa mimi kazi yote. Wameniomba nimalizie lile shairi la kivuko, na siku yenyewe nisimame mbele ya mama yake nisome, nanukuu ujumbe wao, "lile shairi lako la kengele, Mizani alilipenda sana."

Na kuna jingine. Binti yangu yuko darasa la nne. Shairi hilo amelikariri lote. Mwezi uliopita amelisoma shuleni kwao, akasema ni la baba yake.

Nikisema ukweli nitakuwa mwizi mbele ya mama aliyefiwa, tena siku ya kumwombea mwanawe. Nisiposema, nitasimama kama nilivyosimama 2009. Nimewaza kusema naumwa na kulituma daftari kwa basi. Nifanyeje?

Mwenye daftari, Temeke

JIBU

Marahaba mwanangu.

Kwanza pole kwa msiba. Katika barua nzima umejishitaki, umejihukumu, umetafuta na mlango wa kutorokea, lakini sioni mahali ambapo mtu amekupa pole kwa kufiwa na rafiki yako. Nakupa mimi. Umeondokewa na mtu uliyembebea maji ya moto alfajiri. Hilo nalo liko kwenye hesabu, usilifute kwa sababu ya lile jingine.

La pili, daftari usilitume kwa basi. Wala usiliazime mtu, wala usiliache usiku kwenye duka la kutoa kopi ukaambiwa rudi kesho. Leo hii kabla ya kufanya lolote, lifungue mchana mahali penye mwanga, upige picha kwa simu ukurasa mmoja mmoja, hadi zile zenye hesabu za madeni na namba za simu. Kisha picha hizo zihifadhi mahali pawili au zaidi. Karatasi ikikaa kwenye unyevu huharibika, na Pangani ni pwani, na Dar ni pwani. Hiyo ndiyo nakala pekee iliyopo duniani ya kazi ya mtu huyo.

Nitakwambia kwa nini nimeanza na hilo. Nilipokuwa shule nilikaa dawati moja na binti aliyekuwa na mkono wa ajabu. Alikuwa akisimama ubaoni na chaki, akaichora ramani ya Afrika tangu Tunisi akashuka pwani ya magharibi, akazunguka Rasi, akapanda na pwani yetu hadi Bahari ya Shamu bila kunyanyua mkono, na Madagaska akaiweka pembeni mahali pake hasa. Walimu wa vipindi vingine walikuwa wakikataa kuifuta. Wanaandika pembeni. Alifariki akijifungua mtoto wake wa kwanza. Nimetafuta, mwanangu. Hakuna hata kipande cha karatasi alichochora. Kilichobaki ni mimi nikisimulia, na mimi nazeeka. Wewe una kaunta buku ya kwaya mbili. Laiti ungejua ninavyokuonea wivu.

Sasa tuje kwenye jambo lako.

Kulisoma shairi la mwenzio si kosa. Kwetu sisi mtunzi na mghani ni watu wawili wa siku nyingi. Kwenye taarabu mtunzi anaweza kuwa amekaa nyumbani kwake anakunywa kahawa, na mwimbaji ndiye anayesimama akatuzwa. Hakuna anayemwita mwimbaji mwizi, na hakuna anayedhani maneno ni yake. Mizani alilijua hilo. Alikuwa na shairi, wewe ulikuwa na sauti, akakutuma. Ulikwenda kwa idhini yake na ulilisoma vizuri mpaka watu wakasimama. Sehemu hiyo ni safi, na ni yako kabisa.

Kosa lipo pale ulipotajwa kuwa mtunzi ukanyamaza. Ulikuwa na miaka 17 mbele ya umati, na kulisahihisha kulihitaji sentensi moja tu. Haikutoka. Sikulaumu sana kwa dakika ile. Lakini kuna kosa la pili ambalo hukuliandika kwa jina lake, nami lazima nilitaje. Umekaa miaka yote hiyo na simu mkononi na hukumpigia ukamwambia, "Mizani, lile jambo linanisumbua." Halafu siku ya kuondoa tanga umeitwa malenga na mama yake, mtu mzima mwenye watoto wawili, ukapokea. Hilo la pili ni la mtu mzima na linahitaji tendo la mtu mzima.

Unauliza moyoni, naona, kama alikusamehe. "Sauti si ilikuwa yako?" Maneno hayo yanaweza kuwa msamaha, yanaweza kuwa mzaha, yanaweza kuwa mtu mgonjwa kitandani aliyeamua kutompoteza anayemletea maji ya moto. Mimi sikuwepo, na wewe uliyekuwepo hujui. Usiyafanye risiti.

Lakini daftari linasema kitu kingine, na hapo ndipo nilipoweka barua yako chini nikatoka nje kidogo. Huyu ni kijana aliyehesabu kila silabi kwa vidole. Hakuandika ovyo. Alipofika kwenye jina lako aliandika "Msomaji". Hakuandika mwizi, na mtunzi pia hakuandika. Alikupa cheo chako sawasawa, bila kuzidisha wala kupunguza, akakiacha kwenye karatasi mahali ambapo mtu angekisoma siku moja. Sahihisho uliloshindwa kulifanya kwenye kipaza sauti, yeye alilifanya kwa kalamu. Kazi iliyobaki ni kulisoma kwa sauti. Wewe ni msomaji wake. Hukuvuliwa.

Anza nyumbani, na anza na binti yako, kwa kuwa yeye ndiye anayelibeba shairi sasa na kesho atamsimulia mtoto mwingine. Mketishe, mfungulie ukurasa wenyewe auone mwandiko. Mwambie, "Nilikuwa na rafiki, alikuwa anapiga kengele shuleni, hili ni lake, mimi nililisoma tu na sikuwaambia watu." Ataona aibu kidogo kwa vile alishasema shuleni. Usimwachie aibu hiyo aende nayo peke yake, mwandikie mwalimu wake kikaratasi. Halafu mfundishe kuhesabu mizani kwa kidole gumba. Mtoto wa darasa la nne ataipenda sana ile ya kwenda na kurudi, na kila atakapokunja vidole vyake Mizani atakuwa yumo ndani yake.

Baada ya hapo nenda Bweni. Usingoje siku ya hitima. Siku ile nyumba itakuwa na watu, masufuria, masheikh, na mama hatakuwa na nafasi hata ya kukukasirikia. Nenda wiki mbili tatu kabla, siku ya katikati ya wiki, peke yako, na daftari likiwa kwenye kanga ileile. Usimfuate na maelezo marefu. Amkia, kaa, umwambie hivi: "Mama, lile shairi la kengele ni la mwanao. Nililisoma mimi, watu wakadhani ni langu, sikuwasahihisha. Nimekuja kuomba radhi." Ukianza habari za umri wako, na mshereheshaji, na umati, utakuwa unamfanya yeye akutulize wewe, na aliyefiwa ni yeye.

Baada ya hapo nyamaza. Huenda atalia. Huenda atakwambia alikuwa anajua, maana mwana aliyerudi likizo na shairi lake hamfichi mama yake. Huenda atakaa kimya mpaka kivuko kiende na kurudi. Kaa naye. Ukishaona pumzi zake zimetulia, muulize kama ungemsomea machache. Msomee na ya mwanzo ya kitoto, aliyokosea vina. Mama anataka kumsikia mwanawe wa miaka kumi na minne pia.

Daftari mkabidhi yeye. Alisema likae kwako akiamini kitu ambacho si kweli. Mrudishie, akisharudishiwa ndipo atajua anataka likae wapi. Akikupa tena, utalipokea kwa jina lako halisi.

Kuhusu kitabu, nakushauri msichape hata nakala kumi za kugawana kabla familia haijakubali. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na haki hizo huwaendea warithi. Kukabidhiwa daftari ni kukabidhiwa karatasi. Maneno bado ni ya nyumba ile. Waombeni, muandikishane hata karatasi moja, na kama kuna senti itakayopatikana ikubalike mapema kwamba inakwenda kwa mama. Marafiki wa shule huwa na moyo mzuri na haraka nyingi.

Na mnapochapa, msimsahihishe. Utamkuta ameandika "ntakuja" pale ambapo mwalimu angetaka "nitakuja". Yule hakukosea, alikuwa anaokoa mizani. Mkinyoosha tahajia mtavunja mshororo, naye ndiye aliyekunja uso kwa silabi moja. Neno lisilosomeka wekeni nukta.

Shairi la kivuko ndilo lililonishughulisha kuliko yote. Wanataka ulimalizie. Naomba usilimalizie. Si kwa sababu hairuhusiwi kuongeza kwenye shairi la aliyetangulia, jadi yetu inayo njia yake na ina heshima kubwa. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alizichukua beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, akaongeza mishororo mitatu juu ya kila miwili ya asili, ndiyo ile takhmisa mliyosoma shuleni. Lakini alipoongeza kila mtu alijua mitatu ni ya nani na miwili ni ya nani. Wewe ukiweka mshororo wa nne hapo, baada ya miaka mitano hakuna atakayejua Mizani aliishia wapi, na kwa historia yako wewe na yeye, hilo ndilo jambo moja usilopaswa kulirudia. Ukitaka kuongeza, fanya takhmisa yako, ukurasa wako, jina lako juu yake. Ubeti wa kivuko uchapwe na mishororo mitatu, na wa nne muache nafasi tupu. Msomaji akifika hapo atakaa kando ya mto mwenyewe.

Unajua mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalitufikiaje? Alikufa mwaka 1840. Mengi yalikuwa vinywani mwa watu. Miaka mingi baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah akawafuata waliokuwa wameyahifadhi, akayaandika kwa hati za Kiarabu, akamkabidhi Mwingereza Taylor, na kitabu kikaja kutoka 1940, miaka mia baada ya Muyaka kuzikwa. Mwalimu Sikujua alikuwa mshairi mwenyewe, angeweza kujitwalia mawili matatu na nani angejua? Hakufanya hivyo. Leo tukitaja Muyaka tunamtaja na yeye, kwa sababu alikubali kuwa mlinzi wa maneno ya mwingine. Waulize na nyinyi wenzenu darasa zima: nani ana kipande? Nani alisomewa risala ya harusi iliyoandikwa na Mizani na bado anayo kwenye albamu? Pale Pangani risala zake zimo kwenye makabati ya watu. Nazo ni kazi yake, hata kama alilipwa soda.

Kwenye kundi la darasa, tuma ujumbe wa maandishi baada ya kutoka Bweni, ili mama awe wa kwanza. Mistari mitano inatosha. Wapo watakaokusema, na wawili watatu watakuandikia pembeni kwamba walijua. Usibishane na yeyote. Siku ya hitima omba wewe mwenyewe usome, na kabla ya kufungua kinywa sema sentensi ile iliyokukwama 2009: "Shairi hili ni la," na jina lake kamili alilopewa na wazazi, halafu Mizani, halafu usome kwa sauti yako yote.

Na ombi moja kwa atakayesoma wasifu wake. Aseme wazi kwamba hakuwa mvivu. Watakuwepo waliomwita hivyo. Aeleze kwamba mwenye selimundu chembe zake nyekundu za damu hujikunja mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo, na baridi na upungufu wa maji huzidisha, na kwamba mtoto aliyekuwa akigonga ile rimu saa kumi na moja alfajiri ya Lushoto, mara nyingine alikuwa hajalala usiku kucha kwa maumivu. Kila mliyeamshwa, mliamshwa na mgonjwa. Waambieni.

Imebaki kamusi. Ule ukurasa wa kwanza usiuchane, ni ushahidi. Chukua kalamu ya wino, chini ya muhuri uandike jina lake, uandike "mtunzi", na mbele ya jina lako uandike "msomaji", kama alivyoandika yeye. Tia tarehe ya leo. Kisha uende nayo Bweni umpe mtoto yeyote wa dada yake anayesoma. Zile 30,000 mpe mama zikiwa ndani ya bahasha bila hotuba.

Ukisharudi niandikie. Shairi lina beti saba na mimi umenipa mmoja. Naomba wa pili, na useme ni wa nani.

Shangazi